Theodor Bilharz, Daktari Aliyemwona Mnyoo wa Kichocho

1. Maji ya mlima

Mlima Kilimanjaro unatupa maji. Tangu zamani Wachaga walichimba mifereji, ambayo wao huiita mifongo. Waliyaongoza maji kutoka mitoni mpaka kwenye vihamba vya migomba. Huko juu maji ni ya baridi, nayo hukimbia kwa sababu ya mteremko.

Chini ya mlima mambo ni mengine. Kusini ya mji wa Moshi kuna nchi tambarare yenye joto. Huko Arusha Chini kuna mashamba makubwa ya miwa. Huko Mabogini, Rau ya Kati na Chekereni kuna majaruba ya mpunga. Mradi wa kumwagilia mpunga ulijengwa huko katika miaka ya 1980, kwa msaada wa serikali ya Japani.

Katika mifereji ya tambarare maji huenda polepole. Majani huota kandokando. Katika majani hayo huishi konokono wadogo.

Maji hayo yanatupa sukari na wali. Lakini pamoja na chakula umekuja ugonjwa wa kichocho. Katika miaka ya 1960 wataalamu waliuchunguza ugonjwa huu katika shamba la miwa la Arusha Chini. Waliukuta kwa watu waishio shambani. Walijaribu kuwaua konokono kwa kutia dawa katika mifereji.

Mtu wa kwanza kumwona mnyoo anayeleta kichocho alikuwa daktari Mjerumani, jina lake Theodor Bilharz. Kwa sababu yake, nchi nyingi duniani huuita ugonjwa huu bilharzia. Bilharz hakufika Moshi. Alifanya kazi Misri, nchi nyingine ya Afrika yenye mifereji mingi. Lakini kazi yake inamhusu kila mtu anayeingia katika jaruba. Tusome habari za maisha yake.

2. Kijana wa Sigmaringen

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825. Alizaliwa Sigmaringen, mji mdogo kando ya mto Danube. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa nchi ndogo nyingi, na kila moja ilikuwa na mtawala wake. Baba yake Theodor alifanya kazi katika ofisi ya hazina ya mtawala wa Sigmaringen. Mama yake alitoka Uswisi. Theodor alikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yenye watoto wengi.

Tangu ujana wake alipenda kuchunguza wadudu. Mwaka 1843 aliingia chuo kikuu cha Freiburg. Baadaye alihamia chuo cha Tübingen kusomea udaktari. Huko aliandika insha juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo, akapewa zawadi.

Walimu wawili walimsaidia sana. Wa kwanza alikuwa Karl von Siebold. Huyu alikuwa mtaalamu wa minyoo na viumbe wengine wanaoishi ndani ya miili ya wanyama. Wa pili alikuwa daktari Wilhelm Griesinger. Kwa Siebold alijifunza kuchunguza vitu vidogo sana kwa hadubini. Hadubini ni chombo chenye vioo, ambacho hukuza kitu kidogo mpaka jicho likione. Kwa Griesinger alijifunza kutibu wagonjwa.

3. Safari ya Misri

Mwaka 1850 Abbas, mtawala wa Misri, alimwita Griesinger aende kusimamia mambo ya afya katika nchi yake. Griesinger alihitaji msaidizi. Akamchagua Bilharz, ambaye alikuwa na miaka 25.

Wakaenda Kairo, mji mkuu wa Misri. Bilharz alifanya kazi katika hospitali ya Kasr el Aini, ambayo pia ilikuwa shule ya madaktari.

Misri ni nchi kavu. Mvua ni haba sana. Wakulima wake huishi kwa maji ya mto Nile, nao huyagawa maji hayo kwa mifereji. Wakulima wa Misri walisimama majini kutwa, kama wanavyofanya wakulima wa mpunga hapa kwetu.

Ugonjwa mmoja ulikuwa umeenea mno kati yao. Watu walikojoa damu. Ugonjwa huo haukuwa mpya. Askari wa Napoleon, walioingia Misri kutoka Ufaransa mwaka 1798, nao walikojoa damu. Miaka mingi baadaye, mwaka 1910, mtaalamu mmoja alipima miili ya watu wa kale wa Misri iliyokaushwa na kuhifadhiwa makaburini. Alikuta mayai ya mnyoo wa kichocho katika miili yenye umri wa miaka zaidi ya 3000.

Ugonjwa ulikuwa wa kale, lakini chanzo chake hakikujulikana. Katika sehemu nyingi za Afrika watu walidhani kwamba mvulana akikojoa damu, hiyo ni dalili ya kuwa mwanamume. Walikosea. Mvulana huyo alikuwa mgonjwa.

4. Mnyoo ndani ya damu

Katika hospitali ya Kairo Bilharz alipasua maiti ili kutafuta chanzo cha kifo. Kazi hii haipendezi, lakini imewafundisha madaktari mambo mengi.

Mwaka 1851 Bilharz aliuchunguza mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini. Ndani ya damu aliona minyoo weupe, wadogo. Mnyoo mmoja ana urefu wa kama sentimeta moja au mbili tu. Madaktari walikwisha kuwajua minyoo wa tumboni, lakini minyoo hawa waliishi ndani ya mishipa ya damu.

Akaendelea kutazama kwa hadubini. Akagundua jambo la ajabu zaidi. Mnyoo dume ana mwili mpana uliojikunja kama mfereji. Ndani ya mfereji huo hukaa mnyoo jike, mwembamba kama uzi. Dume humbeba jike, na hukaa pamoja hivyo miaka mingi.

Bilharz alimwandikia barua mwalimu wake Siebold huko Ujerumani. Alimweleza yote aliyoyaona na kumchorea picha. Siebold akazitoa habari hizo zichapishwe, ili wataalamu wengine wazisome.

Bilharz hakuishia hapo. Kuona mnyoo si sawa na kujua madhara yake. Mwaka 1852 alichunguza vibofu vya watu waliokuwa wakikojoa damu. Humo aliona vidonda, na katika vidonda aliona mayai ya mnyoo. Mayai hayo yana mwiba. Sasa ilieleweka kwamba damu katika mkojo ilitokana na mnyoo huyu.

Griesinger naye alihesabu. Katika maiti 363 zilizopasuliwa, 117 zilikuwa na ugonjwa huu. Yaani karibu maiti moja katika kila tatu.

5. Mayai ya namna mbili

Bilharz aliona jambo jingine ambalo hakulifahamu. Mayai mengine yalikuwa na mwiba kwenye ncha. Mengine yalikuwa na mwiba ubavuni. Yeye alidhani yote ni ya mnyoo mmoja.

Leo tunajua kwamba ni minyoo wa aina mbili. Mwenye mayai ya mwiba wa ncha huleta kichocho cha mkojo. Huyu huharibu kibofu na figo, na baada ya miaka mingi anaweza kuleta kansa ya kibofu. Kwa wanawake huleta pia vidonda katika njia ya uzazi.

Mwenye mayai ya mwiba wa ubavuni huleta kichocho cha tumbo. Mgonjwa huumwa na tumbo, huharisha, na huona damu katika choo kikubwa. Baadaye ini na bandama huvimba. Tumbo linaweza kujaa maji, na mtu anaweza kutapika damu na kufa. Huyu ndiye mnyoo aliyekutwa katika mifereji ya miwa ya Arusha Chini.

6. Swali lililobaki

Bilharz alipanda cheo. Griesinger aliporudi Ujerumani mwaka 1852, Bilharz alibaki Kairo. Akawa daktari mkuu wa wagonjwa, kisha mwalimu mkuu katika shule ya madaktari. Alifanya utafiti mwingine pia. Mwaka 1857 alitoa kitabu juu ya samaki wa mto Nile ambaye mwili wake hutoa umeme.

Lakini swali moja lilibaki bila jibu. Mnyoo huyu huingiaje mwilini? Wengine walidhani huingia kwa chakula. Wengine walidhani huingia kwa maji ya kunywa. Bilharz hakupata muda wa kulimaliza swali hilo.

Mwaka 1862 mtawala mmoja Mjerumani, Duke Ernst, alisafiri mpaka Massawa, bandari ya bahari ya Shamu. Bilharz alikwenda pamoja na msafara huo. Katika safari hiyo alishikwa na homa kali. Alifariki Kairo tarehe 9 Mei 1862. Alikuwa na miaka 37 tu. Alizikwa huko huko Kairo, mbali na Sigmaringen.

7. Wengine wakaichukua kazi

Kazi ya elimu ni kama kazi ya kuchimba mfereji. Mmoja akichoka, mwingine hushika jembe pale pale alipoacha mwenzake.

Mwaka 1913 wataalamu wawili wa Japani, Miyairi na Suzuki, waligundua kwamba mnyoo wa kichocho wa nchi yao hukua kwanza ndani ya konokono. Mwaka 1915 Mwingereza aitwaye Robert Leiper alitumwa Misri. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ikiendelea, na jeshi lilitaka kuwakinga askari. Leiper alitafuta konokono katika mifereji karibu na Kairo. Alithibitisha kwamba minyoo wa Misri ni aina mbili, na kila aina ina konokono wake. Alithibitisha pia kwamba mnyoo huingia mwilini kwa kutoboa ngozi.

Ndipo swali la Bilharz lilipojibiwa, miaka 53 baada ya kifo chake.

8. Mgeni asiyeweza kujitegemea

Sasa tutazame maisha ya mnyoo mwenyewe. Yeye ni kimelea. Kimelea ni kiumbe anayeishi kwa kumnyonya kiumbe mwingine. Yule anayenyonywa huitwa mwenyeji. Kupe ni kimelea na ng'ombe ni mwenyeji wake. Chawa ni kimelea na mtu ni mwenyeji wake.

Wazee wetu walisema kwamba mgeni akifika siku ya tatu apewe jembe. Mnyoo wa kichocho ni mgeni asiyeshika jembe kamwe. Hunywa damu ya mwenyeji, naye anaweza kukaa mwilini miaka mitatu, mitano au hata zaidi.

Lakini mgeni huyu ana udhaifu mkubwa. Hawezi kujitegemea hata kidogo. Tufuate safari yake.

Kwanza, jike hutaga mayai ndani ya mishipa ya mtu. Mayai hayo hayawezi kuanguliwa na kuwa minyoo wakubwa humo humo mwilini. Ni lazima yatoke. Mengine hukwama mwilini na kuleta vidonda. Mengine hutoka pamoja na mkojo au mavi.

Pili, yai lililotoka ni lazima lifike kwenye maji yasiyo ya chumvi. Likianguka ndani ya shimo la choo, safari imekwisha.

Tatu, yai likifika majini, huanguliwa. Mtoto wa mnyoo huogelea kumtafuta konokono. Si konokono yeyote, bali konokono wa aina yake tu. Asipompata kwa siku moja, hufa.

Nne, akimpata konokono, humwingia na kuzaana humo. Mtoto mmoja wa mnyoo anaweza kutoa maelfu. Baada ya wiki kadhaa maelfu hao hutoka majini. Ni wadogo mno. Huwezi kuwaona kwa macho.

Tano, hao nao ni lazima wampate mtu. Wakimkuta mtoto anaoga, mama anafua au mkulima anapandikiza mpunga, hutoboa ngozi na kuingia katika muda wa dakika chache. Wasipompata mtu kwa siku moja au mbili, hufa.

Basi tazama, mnyoo huyu anahitaji wenyeji wawili, mtu na konokono. Akimkosa mmoja tu, ukoo wake hukoma. Na kwa kuwa hawezi kuongezeka ndani ya mtu, kila mnyoo uliye naye aliingia kutoka majini. Mnyoo huyo alitokana na yai lililofika majini kwa mkojo au mavi.

9. Mlango tunaoweza kuufunga

Watu wengine husema dawa ya kichocho ni kutoingia majini. Lakini mkulima wa mpunga ataachaje kuingia katika jaruba? Mpunga ndio chakula chake na ada ya shule ya watoto wake. Buti za mpira husaidia katika mifereji, lakini ni vigumu kupandikiza miche katika tope la jaruba ukiwa umezivaa. Watoto tunaweza kuwakataza kuogelea. Hata hivyo, jua likiwaka, watarudi majini.

Kuua konokono kwa dawa kunahitaji fedha, na konokono hurudi. Kufyeka majani na kusafisha mifereji husaidia zaidi, kwa sababu konokono hukosa makao. Kazi hiyo tunaiweza kwa jembe na panga, tukiifanya pamoja.

Kuna dawa ya kumeza. Inaitwa prazikwanteli. Ilitengenezwa Ujerumani, nchi ya Bilharz, katika miaka ya 1970. Humeza mgonjwa kwa kufuata uzito au kimo chake, naye hupona. Watoto wa shule hupewa dawa hii katika kampeni za serikali. Ni dawa nzuri. Lakini haimkingi mtu asiugue tena. Mtoto akimeza dawa leo, na kesho akaingia katika maji yale yale, minyoo wapya wataingia.

Mlango ambao kila mtu anaweza kuufunga ni ule wa kwanza, yaani choo. Mnyoo hana miguu. Hawezi kutoka mwilini na kwenda mtoni peke yake. Ni sisi tunaompeleka. Mtu anayejisaidia kando ya mfereji anampandia mnyoo gari la kwenda kwa konokono. Na maji hayo yatapita katika shamba la jirani yake, kisha katika shamba la jirani wa jirani.

Kijiji kinaweza kuwa na choo katika kila nyumba, na bado kichocho kikabaki. Kwa nini? Kwa sababu majaruba yako mbali na nyumba. Mkulima akibanwa saa nne asubuhi, hatarudi nyumbani. Kwa hiyo, choo cha shimo kijengwe pia huko mashambani, mbali na mfereji, mahali ambapo maji hayafiki.

Japani walifaulu. Mnyoo wa Japani alikuwa mgumu zaidi kushindwa, kwa maana aliishi katika watu na pia katika ng'ombe. Lakini Wajapani walitibu wagonjwa, walitunza vinyesi visiingie majini, na walijenga mifereji yao kwa saruji ili konokono wasipate majani. Kazi ilichukua miaka mingi. Mgonjwa mpya wa mwisho alionekana mwaka 1977.

10. Mwisho

Theodor Bilharz aliishi miaka 37. Hakutengeneza dawa ya kichocho, wala hakujua njia ya mnyoo kuingia mwilini. Alifanya jambo moja. Alimtoa adui katika giza, watu wakamwona. Kabla yake watu walitibu damu bila kujua nani anaimwaga.

Sisi tunajua zaidi kuliko alivyojua yeye. Tunamjua mnyoo, tunamjua konokono, tunaijua njia. Mnyoo huyu hawezi kuishi bila sisi. Sisi tunaweza kuishi bila yeye.

Mazungumzo ya darasani

1. Bilharz alizaliwa wapi, na alifanya kazi wapi?
2. Kwa nini damu katika mkojo wa mvulana si dalili ya kukua?
3. Mnyoo wa kichocho anahitaji wenyeji gani wawili?
4. Kwa nini dawa peke yake haitoshi kuumaliza ugonjwa?
5. Katika mashamba ya kijiji chenu, wakulima hujisaidia wapi? Choo cha shambani kinaweza kujengwa mahali gani, na nani atakitunza?